Machela Bila Mgonjwa

Kwetu milimani, juu ya mji wa Bwera, ukikutana na machela njiani huanzi kwa kuuliza. Unatia bega chini ya mwanzi, ndipo unauliza mgonjwa ni nani. Hata kama ni jirani mnayegombania naye mpaka wa shamba, utambeba. Ugomvi mtauendeleza akishapona.

Sisi wahudumu wa afya wa vijiji tuliitegemea desturi hiyo siku tuliyoshuka kudai dawa za watoto. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipima malaria majumbani mwetu na kumpa mtoto dawa palepale. Halafu wafadhili wakaondoka, mipango ikabadilika, tukaambiwa masanduku yetu hayatajazwa tena; kina mama wawapeleke watoto hospitali ya Bwera wenyewe. Aliyesema hivyo hajawahi kuushuka mlima ule wakati wa mvua, mtoto mwenye degedege mgongoni. Mimi niliwaka! Tulimtuma mwenzetu mmoja ofisi ya afya kule Bwera, kisha mwingine, na kila mmoja alirudi na jibu lilelile: "Tutaangalia." Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi tukapanga masanduku matupu juu ya machela, tukayafunika blanketi, tukashuka wote.

Tulipofika barabarani, mfanyabiashara mmoja wa chumvi ya Katwe, Muislamu mwenye kofia safi, alisimamisha lori lake, akaruka chini na kumpokea mwenzangu mwanzi. Tulikwenda kidogo ndipo akauliza, "Mugonjwa ni nani, mama?"

Niliona haya, lakini chini ya machela sisi hatudanganyi. "Hakuna mutu, baba. Ni masanduku ya dawa. Iko tupu."

Akasimama, uso umekunjamana. "Munachezea machela?"

"Bagonjwa beko kule juu. Dawa ndiyo hakuna."

Aliutazama mlima. Kisha akahamishia mwanzi bega la pili akasema twende, chumvi haiozi.

Kwenye lango la ofisi ya afya palikuwa na askari aliyewahi kuwa jeshini. Alikuwa ameambiwa asituruhusu kuingia. Lakini alipoona machela, mikono yake ilitangulia akili. "Pita! Pita haraka! Nyinyi huko, toka njia!" Akafungua lango, akashika mwanzi mwenyewe. Nacheka mpaka leo.

Ofisa wa afya alitoka mbio, akafunua blanketi, akakuta masanduku. Alikasirika, na kwa haki yake. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini," akatuambia. "Wafadhili wameenda. Mnataka mimi nifanye nini?"

"Hatuombi cha ndugu, mzee," nikamjibu. "Hawa batoto ni ba Uganda. Bazazi babo banalipa kodi hata kwa sabuni."

Akatuamuru tuache machela pale turudi nyumbani. Hapo ndipo alipokosea, maana kwetu mbebaji haondoki mpaka mgonjwa apokewe. Tulikaa chini barazani, na mtu wa chumvi akakaa nasi. Tuliimba nyimbo za kanisani, naye akawa anatupigia makofi, nje ya mdundo kabisa. Watu waliokuja kutibiwa wakajiunga nasi mpaka ofisa akakosa pa kupita. Alasiri alipiga simu kwa wakubwa wake wa wilaya, Kasese, mbele yetu sote. Jua lilikuwa bado halijazama gari lilipoleta dawa, pamoja na agizo kwamba masanduku yatajazwa kama zamani. Nilijivuna bila aibu. Hakuna aliyetupa zawadi. Tuliidai haki yetu tukaipata.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijafagia uwanja, mama kijana alisimama mlangoni pangu, mtoto mgongoni akiwaka homa. Alikuwa amevaa viatu vya safari na kubeba chakula cha njiani. Alipita kuuliza tu, wala hakutarajia kitu.

"Iko dawa?"

"Iko."

Nikamchoma mtoto kidole, tukasubiri kipimo. Kweli ilikuwa malaria. Nilipokuwa nikiyeyusha kidonge kijikoni, mama yake aliketi sakafuni, akaegemea ukuta, akavua viatu.