Uduvi Waliofungwa Uzi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu; hata harufu yake naikumbuka. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwa mtu niliyetaka awe mkwe wangu, mikono imelowa hadi viwiko. Mbele yangu uduvi kumi na saba wa sokoni walikuwa wamesimama ndani ya maji kama askari wa gwaride, kila mmoja amefungwa uzi. Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze nilivyofika hapo, maana mtu hafiki kwenye upumbavu mkubwa kwa hatua moja.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa fundi cherehani hapa Tabora, nikishonea kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Nilimpenda binti aliyeitwa Mwanaidi. Baba yake, Mzee Rajabu, alikuwa gadi wa treni ya Kigoma, yule anayeiruhusu iondoke kwa bendera, mtu wa maneno machache. Nilipeleka barua ya posa, akaipokea, akaiweka kabatini, akanyamaza. Mwezi ukapita. Wazee husema subira yavuta heri, lakini husema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo lilikuwa linaniuma kwelikweli.

Mzee Rajabu alikuwa na jambo lililowashangaza majirani. Sebuleni mwake lilikaa sanduku la vioo vya dirisha, pembe zimezibwa kwa puti, na ndani yake alifuga uduvi kumi na saba. Ndiyo, uduvi, kamba wale wadogo tunaowapika na nazi. Hawa wake aliwatoa ziwani Kigoma, akawaleta ndani ya chupa aliyoipakata mapajani njia nzima. Walikuwa hai, weupe kama ute wa yai, unaona chakula kikishuka tumboni mwao.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita siku moja kukagua.

"Mzee Rajabu, huu mradi utavunwa lini?"

"Hauvunwi."

"Kwa hiyo hawa wanakaa, wanakula, hawazalishi? Mzee mwenzangu, huu ni ukupe ndani ya nyumba!"

"Watazame vizuri," Mzee akamjibu. "Wanasugua mawe tangu asubuhi. Wanakula pamoja, hakuna bwana wala mtwana. Wewe umeshapata kijiji kama hiki?"

Balozi akainama, akatazama muda mrefu, akaondoka bila kuandika kitu.

Basi ikatokea arusi ya ndugu yao kule Kaliua. Nyumba nzima ilikuwa inakwenda, siku tisa. Mzee akaniita, akanipa ufunguo. Moyo wangu uliruka, mwanangu. Nikajua huu ndio mtihani wa posa.

"Sikiliza," akasema. "Maji ya bomba yana dawa. Ukitaka kuwaongezea, yaache kwenye ndoo siku nzima yalale kwanza, dawa itoke."

"Ndiyo, baba."

"Mchicha uliochemshwa, kipande cha ukubwa wa ukucha, kila siku ya tatu. Ukiwashibisha, kinachobaki kinaoza na maji yanakuwa sumu."

"Ndiyo, baba."

"Usiwaguse. Usiwasaidie. Na jambo jingine, ukiona wame..."

"Nimeelewa, baba! Msije mkaikosa treni!"

Nilidhani heshima ni kuitikia haraka. Vijana wengi tulikuwa hivyo mbele ya wakwe: kabla mzee hajamaliza, sisi tumeshasema ndiyo. Akanitazama, akachukua mkoba wake, akaenda.

Siku tatu zikapita salama. Siku ya nne nikakuta uduvi wawili wamelala mchangani, weupe, hawatikisiki. Siku ya tano, watano. Nikachungulia huku na huku, sikuona hata mmoja anayetembea. Nikawatoa wale watano kwa kijiko. Walikuwa wepesi ajabu, kama maganda ya kitunguu. Hata hapo sikufikiri, mwanangu. Nikawafunga katika kipande cha hariri ya dukani na kuwazika nyuma ya nyumba. Wale wengine nikaamini wameshaoza.

Sasa nifanye nini? Ningeweza kumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa tangu utotoni. Lakini nikaona nikiuliza habari itaenea, na Mwanaidi ataolewa na karani wa tumbaku aliyekuwa akipita pale kwa baiskeli. Siku ya nane, mwanangu, nikaenda sokoni kwa Mama Siwema, muuza dagaa.

"Nipe uduvi kumi na saba."

"Kumi na saba? Kijana, uduvi hapa hauhesabiwi, unapimwa kwa kikombe."

"Basi pima, nitachagua mwenyewe. Nataka wakubwa, wenye ndevu."

"Na macho?"

"Mawili mawili, mama."

Akanitazama kwa huruma. "Unapika mchuzi," akauliza, "au unafanya usaili?"

Wale walikuwa uduvi wakavu wa pwani, waliokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, wekundu kidogo, wenye chumvi. Nikawaroweka hadi wakanyooka, kisha nikawatia kwenye maji ya Mzee. Wote wakaelea. Basi, mimi ni fundi cherehani, uzi sikosi. Nikamfunga kila mmoja uzi mweupe namba arobaini, ncha ya pili nikaibana chini ya jiwe. Wakasimama vizuri. Nikarudi nyuma kuwatazama na, Mungu anisamehe, nilijisifu.

Asubuhi ya siku ya tisa nikakuta maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, na harufu imefika mlangoni. Na hapo ndipo nilipoona kitu kikitambaa kutoka chini ya jiwe. Uduvi wa Mzee! Kisha wa pili, wa tatu. Wanapanda kwenye kioo kutafuta hewa, wanateleza, wanaanguka. Walikuwa hai siku zote, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaua sasa hivi.

Nikaingiza mikono kuwafungua wale waliokufa niwaokoe walio hai. Nikiwa katika hali hiyo, mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, baba," nikasema bila kugeuka.

"Marahaba." Mzee Rajabu akaja taratibu, akainama kwenye kioo. "Hawa wamekuja na treni gani?"

Nikaendelea kuhangaika na vifundo.

"Na mbona wamefungwa? Wana kosa gani?"

"Waliugua, baba," nikasema. "Nimewafunga wapumzike."

Mwanaidi, aliyekuwa nyuma yake na kapu kichwani, alilazimika kulitua ili acheke. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko sebule ile. Nikasema yote, tangu wale watano niliowazika hadi Mama Siwema.

Mzee akakunja mikono ya shati. Alichukua kichujio cha chai, akawateka wazima mmoja mmoja, akawahamishia kwenye ndoo ya maji yaliyolala. Tisa walipona. Wanane hawakupona. Ndipo alipoketi.

"Uduvi hukua kwa kujivua," akasema. "Ganda likimbana hulivua, akaliacha mchangani. Mwili mpya ni laini, kwa hiyo hujificha hadi uwe mgumu, na wenzake nao hujificha wakiona mgeni. Hilo ndilo nililotaka kukuambia, ukanikatiza. Kutokujua si kosa lako. Lakini hao wanane hawakuuawa na ujinga, wameuawa na aibu yako. Barua yako kesho nitakurudishia."

"Baba," Mwanaidi akasema polepole, "lakini vifundo amevifunga vizuri."

Mzee akajaribu kununa, ikamshinda kidogo. Kesho yake barua hakuirudisha. Alinipa kazi: kila siku baada ya alasiri nije niwahudumie uduvi, na nikae saa nzima kuwatazama. Nilikaa miezi minne. Nilijifunza kwamba kiumbe dhaifu anataka zaidi uvumilivu wako kuliko mikono yako. Mwanaidi alikuwa akipita na kuniuliza kama wanahitaji suruali.

Siku moja, kwa papara, nikachota maji kwenye ndoo isiyo yenyewe. Nilikuwa nimeshamimina kikombe kizima ndipo nikaona povu. Sabuni! Nyumbani hapakuwa na mtu. Ningeweza kufuta, kukausha, kuondoka. Aibu ilikuja tena, lakini safari hii miguu iliiwahi. Nikakimbia hadi stesheni nikiwa na tepu ya kupimia shingoni. Treni ya Kigoma ilikuwa inakaribia kuondoka, na Mzee Rajabu amesimama mlangoni mwa behewa la mwisho.

"Baba!" nikapiga kelele mbele ya abiria na wachukuzi wote. "Nimetia sabuni kwenye uduvi!"

Stesheni nzima ikageuka.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kikombe kimoja!"

"Toa nusu ya maji, tia yaliyolala. Kesho rudia. Wakipanda kwenye kioo, wahamishe." Treni ikaanza kusogea. "Na mwambie mama Mwanaidi afungue kabati. Barua ile ijibiwe!"

Akainua bendera ya kijani. Hadi leo sijui kama aliiinulia treni au mimi.

Uduvi mmoja alikufa kwa sabuni ile. Nilimwambia Mzee hilo pia, kabla hajaniuliza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Ukikabidhiwa kitu dhaifu, kiwe mnyama, mgonjwa, mtoto au moyo wa mtu, msikilize anayekukabidhi hadi amalize. Lile neno la mwisho ndilo utakalolihitaji siku ya nne. Usiwe mwepesi wa kusaidia kuliko kutazama. Na ukiharibu, sema ingali mapema, hata kama ni mbele ya stesheni nzima. Mficha uchi hazai. Aibu ya kusema hupita na treni. Ya kuficha huvundisha nyumba.

Mungu akupe macho ya kutazama bila papara na ulimi usioogopa kusema "nimekosea". Akujalie wakwe wenye subira, na mwenzi atakayekucheka kwa upendo, kama Mwanaidi anavyonicheka mimi hadi leo. Amina.