Dari Nyekundu ya Lori la Patron

Lori la Patron lilikuwa na taa moja, breki za kuombea Mungu, na mlango wa dereva uliofungwa kwa waya. Mtu mwenye akili timamu angeanza na breki. Patron alianza na dari.

Tulimwita Patron kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Alikimbia Burundi na lori lake, wakati sisi wengine tulikimbia na sufuria, na katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, katikati ya miaka ya tisini, mtu mwenye lori alikuwa nusu ya serikali. Alipeleka maharage Lilongwe, na juu ya magunia akapakia watu, matola kama Wamalawi wanavyosema. Huko nyuma hakukuwa na kengele. Ukitaka kushuka, unapiga bati la kabini kwa kiganja, dereva anasikia, anasimama. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Hata mtoto mchanga mgongoni alilijua.

Siku moja akaja kwenye kibaraza nilipoweka cherehani yangu, akaegemea nguzo kama anataka kuninunulia nyumba.

"Dada fundi, mi nimechoka," akasema. "Motere inalia, bati inalia, bantu ba nyuma banapiga-piga juu ya kichwa yangu. Kaseti ya kwaya siisikie hata kidogo. Nataka mule ndani ikuwe kama salon ya kupokea bageni. Utaweza?"

Sikuwahi kushonea lori chochote. Lakini kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa nimevisha makochi mengi, na nikajiambia kabini ni kochi ambalo mtu anaingia ndani yake.

"Nitaweza," nikasema. "Na sitaki malipo. Nataka mama akae mbele."

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona, na sasa hakuweza hata kuliona tundu la sindano. Hospitali kuu ya Lilongwe ilikubali kumpasua, ila daktari wa macho alipasua siku moja tu kwa mwezi. Mara mbili tulisafiri juu ya magunia, upepo na vumbi vikampiga mama usoni, tukafika macho yamevimba, na daktari akakataa kuyagusa. Mama alihitaji kiti cha mbele kuliko alivyohitaji chakula. Na mbele kulikuwa na nafasi moja tu, kwani katikati Patron aliweka radiokaseti na betri yake, vitu vilivyoheshimiwa kuliko abiria.

"Mama yako ni mama yangu," Patron akasema, mkono kifuani. "Atakaa mbele mpaka apone. Mi nimesema."

Nikaanza kazi. Dari ya zamani ilikuwa hadibodi iliyolegea, na nilipoing'oa nikanyeshewa mavi ya panya na misumari. Nilikwangua kutu kwa msasa hadi mikono ikawa ya rangi ya udongo. Sakafuni nikabandika vipande vya mpira wa ndani ya tairi, na juu yake blanketi za kijivu za msaada, zile zinazowasha, ambazo kila nyumba ilikuwa nazo na hakuna aliyezipenda. Darini nikaweka sponji ya godoro kwa gundi ya mafundi viatu. Gundi ile ukiivuta na milango imefungwa unaanza kuwaona ndugu zako waliokufa. Nikashikilia sponji kwa mipini ya fagio mpaka ikakauka, huku Patron akinisimamia nje na kunieleza namna ya kufanya kazi ambayo hajawahi kuifanya.

Kitambaa alikitaka mahameli. Nilizunguka soko la Tsoka kule Lilongwe, nikachambua marobota ya kaunjika, mitumba ya Wamalawi, hadi nikapata pazia jekundu, zito, la ukumbi fulani wa Wazungu nadhani. Nikalikata, nikaliunganisha, nikashona mifereji ya kupitishia zile nyaya za upinde zinazobeba dari, nikalivuta kutoka kioo cha mbele hadi ukuta wa nyuma, nikachomeka kingo chini ya mpira. Milangoni nikazungusha mpira laini ili upepo usipige mluzi.

Kikabaki kidirisha cha nyuma, kile ambacho dereva huchungulia mzigo.

"Hako nako, funika," Patron akasema.

"Na bantu ba nyuma, Patron? Bakigonga?"

"Najua fasi ya kila mutu ya kushukia. Mi si dereva ya jana."

Nikakifunika. Mwenye nguvu mpishe.

Alipowasha injini, mngurumo ukawa wa mbali, kama wa lori la jirani. Watu walikuja kupapasa dari na kuvua viatu kabla ya kuingia. Mama naye alipapasa, akasema iko laini. Patron alifunga milango, akaweka kwaya yake, akakaa humo mchana mzima bila kwenda popote.

Siku ya hospitali ilipofika, nilikuwa na homa, sikuweza kumsindikiza. Sikuwa na wasiwasi. Kiti kilikuwa cha mama, nilikilipia kwa jasho. Lakini alfajiri hiyo Patron alikuwa na mgeni, mzee mmoja wa kanisa mwenye koti na tai, anayekwenda mjini kununua vipaza sauti. Kiti cha mahameli, ikaonekana, kimekuwa kizuri mno kwa bibi kizee mwenye kandambili.

"Mama, leo tu," Patron akamwambia. "Huyu ni mutumishi ya Mungu."

Shukrani ya punda ni mateke. Wakampandisha mama juu ya maharage.

Nililosikia baadaye, nilisikia kwa Mmalawi muuza nyanya aliyekuwa kando yake. Walipokaribia njia ya hospitali akamwambia mama, naye mama akapiga bati. Lori likapita. Akapiga tena, muuza nyanya akapiga, lori zima likapiga, mtu akavua kiatu akapiga nacho. Chini yao, katika salon, kwaya iliimba. Wa Tsoka alipitishwa Tsoka, wa Kawale akapitishwa Kawale, na Patron aliyejua fasi ya kila mtu alisimama Chilinde, mahali anaposhusha maharage yake. Akatoka anatabasamu, akauliza mbona watu wamekasirika.

Muuza nyanya aliacha biashara yake, akamshika mama mkono, wakarudi kwa miguu mpaka hospitali. Daktari alikuwa amemaliza. Mwezi ujao, wakaambiwa.

Niliposikia, nilichukua mkasi. Nilimchukia Patron siku ile, na kanisa lake, na vipaza sauti vyake. Nilitaka kuichana ile dari mpaka ibaki matambara ya kusafishia vidonda. Mama akaninyang'anya mkasi.

"Wacha," akasema. "Ukipasua, mi nitakaa wapi?"

Mwezi uliofuata aliniamsha kabla ya jogoo. Nilimwongoza hadi kwenye lori, akapanda mbele, akafunga mlango, akakunja mikono. Patron alipokuja, alikuja na mzee yuleyule mwenye tai, maana vipaza sauti vilikuwa vibovu. Akagonga kioo. Mama akatazama mbele. Patron akaeleza, akanyoosha vidole, akamwonyesha mtumishi wa Mungu. Kioo kilikuwa juu, mpira wangu umeziba vizuri, na mama alitulia kama picha ukutani.

Kwetu mtu hamshiki mkono mama wa mwenzake akamshusha mbele ya watu. Hata Patron hakuthubutu. Akamgeukia mzee, na mzee akageukia magunia.

Sisi wa nyuma tulimpokea kwa furaha kubwa. Tulimpa gunia lenye mawe. Katikati ya safari haja ndogo ilimbana, akapiga bati kwa adabu, halafu kwa nguvu, halafu kwa ngumi zote mbili akimtaja Mungu. Hakuna aliyemsaidia kupiga. Muuza nyanya akasema "zikomo, bambo," yaani samahani mzee, akasogeza kikapu chake mbali naye.

Safari hii Patron alisimama mbele ya hospitali bila kugongwa, kwa kuwa mama alimgusa bega. Macho ya mama yalikuwa makavu, safi, bila uvimbe. Daktari akapasua jicho la kulia.

Siku ya kurudi, bandeji ilikuwa imetolewa. Patron alifungua mlango mwenyewe, mpole kama bwana harusi. Nikamsaidia mama kupanda. Akakaa, akatazama mikono yake upande huu na upande ule, akanitazama mimi kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya. Kisha akainua uso juu, kwenye ile kazi yangu iliyosifiwa na kambi nzima, akaifuata kwa kidole toka mbele hadi nyuma.

"We mutoto," akasema, "hii mushono imepinda."

Nikafunga mlango, nikapanda nyuma juu ya magunia matupu, nikalia na kucheka hadi Dzaleka, maana ulikuwa umepinda kweli.