Alama Niliyokataa Kuisema kwenye Simu

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja ya Gitega tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Daktari aliandika jina la ugonjwa, mimi nikalinakili rejistani. Ulipoletwa mfumo mpya, mahali pa jina pakawekwa alama: herufi na tarakimu chache, zilezile kila hospitali, ili daktari wa Muyinga aelewane na wa Gitega bila kubishania maneno. Kisukari cha watu wazima kikawa 5A11. Hakuna siri zaidi ya hapo.

Lakini daftari la matibabu mgonjwa hurudi nalo nyumbani. Kwenye foleni nilisikia wakisema kwamba tarakimu za mwisho ni miezi ya kuishi iliyobaki. Mama mmoja wa Mutaho alikwangua alama yake kwa wembe mpaka ukurasa ukatoboka. Mzee wa Makebuko aliniomba nimwandikie alama ya mtoto, kwa kuwa watoto hupona haraka. Niliwaeleza mmoja mmoja huku nikicheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Siku moja dada yangu mdogo alinipigia kutoka Muyinga. Ni mjane, anashona nguo barazani kwake.

“Kaka, kwenye daftari jipya wamefuta kisukari, wameandika tano, A, kumi na moja. Ndiyo nini?”

Ofisini palikuwa na watu wanne, wote wakisikia. Tangu nilipoanza kazi niliahidi mbele ya Mungu kwamba ugonjwa wa mtu ni amana. Nikamjibu, “Siwezi kukwambia kwenye simu, dada. Subiri, nitakuja.”

“Haya, kaka. Nimeelewa.”

Nikashukuru kwamba nina dada mwelewa, nikarudi kwenye rejista. Kisha yakaja mafunzo ya kompyuta, kisha mvua, na safari ya Muyinga nikaisogeza mbele mara mbili, mara tatu.

Aliyenitoa Gitega ni binti yake. “Mjomba, njoo leo. Mama ameacha dawa tangu mlipoongea. Ana kidonda mguuni, na sasa kinanuka.”

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mguu ameufunika kwa kanga. Cherehani hakikuwapo barazani. Alikuwa amekwisha kumpa jirani. Kando yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Ni sanda. Alimwagiza dereva wa lori amnunulie Kobero, mpakani, kwa kuwa ya sokoni aliiona nyepesi.

“Kwa nini umeacha dawa?”

“Dawa za kisukari? Kisukari si wamekifuta? Hiki kipya hata we umeshindwa kukitaja.”

“Ni kilekile, dada! Wamebadilisha maandishi tu.”

“Usinidanganye, mi siko mtoto. Baba alipofariki ulinipigia. Ulisemaje? ‘Siwezi kukwambia kwenye simu, nitakuja.’ Ukasema hivyohivyo, kaka. Mi nikajua.”

Kwetu msiba hautajwi kwenye simu. Maneno yale ndiyo tunayoyatumia, na mimi nimeyasema kwa watu wengi kuliko ninavyokumbuka. Nilikuwa nimemtangazia dada yangu kifo chake, kisha nikaenda kujifunza kompyuta.

Nilimweleza tena, nikaapa, nikalia. Alinitazama kama anayemhurumia mfiwa. Sikuwa na kitu kingine ila daftari langu mwenyewe la matibabu, lililokuwa mfukoni mwa kanzu. Miaka mingi nililificha kwa ndugu zangu, wasije wakanizuia kufunga Ramadhani. Nikalifungua, nikamwekea mapajani.

Alifuata alama kwa kidole. Tano. A. Moja, moja.

“Hii yako?”

“Yangu.”

“Na una muda gani nayo?”

“Kabla mumeo hajafariki.”

“Na unafunga?”

“Nafunga.”

“We mzee mwongo! Unakuja kunihubiria mimi, na msikitini unakaa safu ya kwanza!” Akanipiga begani kwa daftari. Halafu akaliweka daftari chini, akauinua ule upande wa kanga autazame mguu wake. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi. “Kaka,” akasema, “nisaidie kusimama.”

Hospitalini daktari kijana alifungua kidonda, akafunga macho kidogo. Nilimwomba Mungu achukue vidole tu. Nikaomba aishie kwenye kisigino. Waliukata mguu chini ya goti.

Kwa desturi yetu kiungo cha Mwislamu huzikwa. Nilikata kipande cha ile sanda ya Kobero, nikauviringisha mguu wa dada yangu, nikauchimbia mwenyewe makaburini. Shimo dogo, kama la kupandia mgomba. Nilishindwa kulifukia kwa haraka.

Alipozinduka nilimweleza ulipozikwa mguu, naye akauliza, “Umekata upande gani wa sanda?”

“Wa pembeni.”

“Vizuri. Iliyobaki ikunje, uiweke mbali. Na dawa zako umekunywa?”

Sikuwa nimekunywa. Mpwa wangu akaniletea maji, nikameza mbele ya dada, naye akahesabu vidonge kwa macho. Nikasema Alhamdulillahi, na bado naisema, kwa kuwa yupo. Lakini kila ninapofika Muyinga husikia gongo lake likija mlangoni kabla ya salamu, na salamu yangu huchelewa.