Maji Niliyosema Yatarudi

Kwenye kilio cha jirani yangu tulikuwa mjane wake katikati ya mkeka, mdogo wake mwenye kiwanja, parsele ya kujengea, kule juu Kasenga, katekista wetu, dada yangu mkubwa aliyeolewa Mutarule, na minye ninayeandika. Majina yote ninayo kichwani, ila gazetini siyaandiki. Jirani yangu wa miaka mingi amefariki katika chumba cha kukodi, na hatukuweza kumlilia kwake, maana kwake sasa ni ziwa. Tulikaa chini ya hema la kanisa kama watu wa njiani.

Ninyi mnaonisoma mliiona ile nyumba yake. Ilisimama peke yake ndani ya ua, yeye mwenyewe mwashi, kila tofali aliliweka kwa mkono wake. Robine, bomba la maji la mtaa, ilikuwa nje ya lango, kituo cha afya nyuma ya kanisa, soko la samaki wadogo, ndagala, hatua chache, na shule karibu hivi kwamba alijisifu watoto wake husikia kengele wangali wanakunywa chai. Kisha maji ya ziwa yakaanza kupanda. Robine ikafa, shule ikahamia juu, pikipiki zikakataa kushuka. Majirani wakavua mabati na milango, wakabeba. Mdogo wake akaja mbio: “Kaka, vua mabati leo. Parsele yangu iko wazi, jenga kule.” Minye nilikuwa pale, nikimsaidia mke wake kufunga vyombo. Jirani akanigeukia: “Dada, weye unakumbukaka hata jina la mbuzi wa babu yangu. Maji kama haya ulishaona?” Nikamjibu bila kufikiri, “Nilishaona, nikiwa mtoto. Yalifika kwenye kinu cha mama, yakarudi.” Akacheka. “Umesikia, mdogo wangu? Kichwa hiki ni ofisi ya serikali, ila chenyewe hakipoteze karatasi!” Tukafungua vyombo.

Maji hayakurudi. Ukuta ulianguka, mabati yakazama, na ile parsele ya juu ikapewa wakwe wa mdogo wake waliokimbia kutoka Bijombo. Kila asubuhi jirani alishuka kutazama maji, na akinikuta njiani aliuliza bila hasira, “Dada, bado?” Nami nilimwambia, “Bado kidogo.” Aliniuliza hivyo mpaka miguu ikakataa kushuka.

Pale kwenye kilio nikasimulia tena habari ya kinu. Dada yangu akanikatiza: “Weye! Yale yalikuwa maji ya mto. Mvua ilinyesha, mto ukatoka, ukarudi. Ziwa hatukulikimbia hata siku moja.” Nikamuuliza, uko na hakika? “Minye ndiye niliyekubeba mgongoni.” Mjane alisikia. Aliinuka, akaenda kukaa upande mwingine wa mkeka.

Hakuna aliyetumwa kutuambia ziwa linafanya nini, kwa hiyo mtu mwenye nyumba alimuuliza mzee aliye karibu. Na sisi wazee tunapenda kuulizwa. Tunaona haya kusema sijui, na watu wanaona haya kutukatalia. Sina dawa ya hilo. Nyumba imekwenda, mtu amekwenda, na minye bado ninakumbuka kila jina.

Kama nimekosea hapa, kama shule ilihama kabla robine haijafa, au katekista hakuwepo siku ile, nisahihisheni. Msiniheshimu. Nisahihisheni mapema, mabati yakiwa bado juu ya nyumba.