Fakitire Yangu Ndani ya Mandazi

Mimi sina roho ya kusamehe haraka, na ninasema hivyo mapema ili mtu asinisome akingojea machozi. Vita vilinichukulia shamba la Kirolirwe na ng'ombe wa baba, na hayo nimezoea kuyasimulia. Lakini walioyachukua walikuja na bunduki. Aliyenichukulia Mushaki, kijiji nilichokimbilia, alikuwa na kalamu mfukoni na soksi safi, na huyo njo nitamsema hapa. Jina lake sitalitaja, wala la mtu mwingine. Nimeshaona jina linaweza kumfanyia mtu nini.

Pale Mushaki nilikuwa ninauza mashanza, maziwa ya kuganda, kando ya barabara ya Sake. Watu walikunywa wamesimama: wabeba mizigo wanaoshuka kutoka Rubaya, madereva, wamama wa soko. Nilikuwa na vikombe vichache na ndoo ya maji ya kuvisuuzia, na hakuna aliyewahi kuuliza kikombe kimetoka mdomoni mwa nani. Muuza maziwa anaishi kwa jambo hilo moja tu, watu wasichukie mkono wake.

Nami niko na kifafa tangu utoto. Kwetu mtu wa kifafa anawekewa sahani yake peke yake, kwa sababu watu wanaamini mate yake yanaambukiza, na akianguka wanamkimbia badala ya kumshika. Mama yangu mwenyewe alinitengea sahani yenye ua jekundu, na ndugu zangu waliogopa hata kuiosha. Baadaye hospitali ilinipa dawa, nikaacha kuanguka. Vita viliponisukuma hadi Mushaki, hakuna aliyenijua. Kila mwezi nilipanda hospitalini, nikalipa dawa, nikapewa fakitire, karatasi ya malipo, nikaichana njiani kabla sijafika nyumbani. Sikuwaza kwamba wao walibaki na nakala yake.

Siku moja ya soko, mwalimu mmoja wa shule, mteja wangu wa kila siku, alikuja na mandazi mkononi akaketi kwenye benchi yangu. Nikamjazia kikombe. Kwetu mandazi yanafungwa ndani ya karatasi yoyote iliyopatikana, daftari za watoto, barua za zamani, makaratasi ya ofisi, na mtu anasoma huku anakula. Huyu naye alisoma. Kisha akaacha kutafuna, akageuza ile karatasi, akanitazama.

"Mama, hii iko jina yako?"

Ilikuwa fakitire yangu, na doa la mafuta katikati. Jina, kijiji nilikotoka, dawa, na ugonjwa umeandikwa kwa Kifaransa na tena kwa Kiswahili, ili hata asiyesoma sana aelewe. Mwalimu aliiacha ile karatasi kwenye benchi. Alisukuma kikombe changu pembeni, kimejaa vilevile, akaenda zake. Soko lilipovunjika jioni, maziwa yangu yalikuwa hayajapungua.

Nilimwendea muuza mandazi kwa hasira. Chini ya meza yake kulikuwa na rundo zima la fakitire, zimepangwa mwaka kwa mwaka, zimefungwa kamba ya katani.

"Nilizinunua kwa hospitali, dada," alisema. "Ule papa wa buro njo aliniuzia. Mimi sijue kusoma."

Nilitamani kumwaga mafuta yake ya moto, lakini kosa halikuwa lake. Aliposikia kilichoandikwa mule aliogopa, akanipa rundo lote. Nikaliweka chini ya kitanda, na kesho yake asubuhi nikapanda hospitalini.

Papa wa buro, yaani baba wa ofisi, alikuwa jesioneri, yule anayesimamia makuta, pesa, na makaratasi ya hospitali. Alinipokea amesimama, na mimi hakunipa kiti.

"Mama, ilikuwa vita," alisema. "Basoda balivunja buro, babeba kila kitu. Tutafanya je?"

Mimi nimeona wasoda, hao askari, wakipora. Wanabeba magodoro, mbuzi, radio, mabati. Sijaona hata mmoja ameketi anapanga fakitire kwa mwaka na kuzifunga kamba vizuri. Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniomba nipunguze sauti, eti wagonjwa wanapumzika. Siku hiyo aliwajali sana wagonjwa.

Nikateremka Sake kwa miguu. Huko parokiani kulikuwa na avoka mmoja, mwanasheria kijana, aliyesikiliza watu bila kuwadai kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kuna sheria inayomkataza mtu wa hospitali kutoa siri ya mgonjwa, na kwamba fakitire iko ndani ya siri hiyo, sawa na maneno ya daktari. Ningeweza kumwandikia daktari mkuu barua ya kudai, na nakala kwa wakubwa wa afya. Ningeweza kwenda paruke ya Goma, ambako Serikali yenyewe inamshitaki mkosaji, na mimi nikadai malipo ya hasara yangu humo humo. Tena kule tribinali, nikiomba, majaji wangefunga mlango ili siri yangu isisomwe mbele ya watu. Hapo nilivuta pumzi. Halafu akaniambia kwamba majaji wamekimbia, na barabara ya Goma imekatwa na mapigano, na hakuna anayejua itafunguka lini.

"Kumebaki barza ya chifu," alisema. "Ile haiwezi kufunga muntu kwa kosa kama hii, inapatanisha tu. Na utafute bengine, Mama. Mukikuwa bengi watawasikia."

Barua kwa daktari mkuu tuliiandika pamoja palepale. Mpaka leo sijapata jibu.

Wengine niliwatafuta kweli. Majina yao nilikuwa nayo chini ya kitanda. Nilienda mlango kwa mlango, nikimrudishia kila mtu karatasi yake imekunjwa, nikimwomba tushitaki pamoja. Hakuna aliyenishukuru. Mmoja aliniuliza kwa nini nimeisoma. Mama mmoja niliyesali naye kila Jumapili alinivuta nyuma ya nyumba yake.

"Weye umeisha kujulikana, dada," aliniambia. "Sisi bado. Usitutaje."

Nilimchukia yule mama, na mpaka leo sijapoa. Lakini sikumtaja, wala wenzake.

Barza yetu inaketi kwenye majani, mbele ya nyumba ya chifu, na desturi yake iko wazi: anayeshitaki anaonyesha kitu alichokuja nacho, na kitu hicho kinasomwa mbele ya wote. Niliomba wazee wasome peke yao. Mkubwa wao alinihurumia, nafikiri, ila alisema, "Barza haina mlango, binti yangu." Karani akanyoosha mkono apokee karatasi. Nikamnyima. Nilisoma mwenyewe, jina, kijiji, dawa, ugonjwa, kwa sauti ileile ya kuitia wateja. Waliokuwa hawajasikia wakasikia kutoka kwangu, na wawili waliokaa karibu nami wakasogea mbali.

Jesioneri alirudia habari yake ya wasoda. Nikaweka ile kamba ya katani mbele ya wazee, na fundo lake bado liko pale, nikauliza ni jeshi gani linafundisha fundo hili. Wazee wakacheka sana. Kisha wakamwambia jesioneri afunge kamba nyingine waone, akakataa, na kukataa kwake kukamfichua. Wakamhukumu atoe mbuzi, na kibuyu cha kasiksi. Hiyo pia ni desturi. Kesi ikiisha, wawili waliogombana wanakunywa pombe ya ndizi ndani ya kibuyu kimoja, mbele ya watu, ili kesho mtu asiseme kesi ingali hai.

"Mbuzi simutaki," nilisema. "Kibuyu ninakitaka. Lakini tutie mashanza yangu ndani, na tukunywe sokoni. Mimi kwanza, yeye nyuma yangu."

Wazee walinielewa mara moja. Mtu wa hospitali akinywa baada yangu, akiweka mdomo pale nilipoweka wangu, hakuna hotuba ingesema zaidi. Maziwa yangu yangenyweka tena. Na yeye alijua kwamba kifafa hakiambukizi, kwa maana tangazo la kusema hivyo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa buro yake mwenyewe. Alikubali. Alitabasamu hata.

Siku ya soko ilipofika, watu walijaa mpaka barabarani. Nilikunywa, nikamkabidhi kibuyu. Naye alikunywa, na sitamsingizia, alikunywa kweli, koo lake tuliliona likipanda na kushuka. Mtu akapiga makofi. Mwalimu yule alikuwa karibu na benchi yangu, mkono umeshaingia mfukoni kutafuta franka, na mimi nikainama kusuuza kikombe chake.

Halafu jesioneri akatoa mushwari, kitambaa cheupe kipya chenye uzi wa buluu pembeni. Akapangusa midomo. Akapangusa tena. Akautoa ulimi akaupangusa nao. Kisha akakitupa kile kitambaa kwenye majani ya kando ya barabara, akampa mzee mkono, akapanda pikipiki.

Mushaki ya miaka ile, kitu hakikulala chini. Msumari ungeokotwa, kizibo cha chupa kingeokotwa, hata mfuko uliotoboka. Ule mushwari mzuri ulibaki palepale mpaka soko likavunjika, na watu waliupita wakiuzunguka. Mwalimu alitoa mkono mfukoni bila kitu. Nilibaki nimeshika kikombe kilichosuuzwa, na mzee wa barza akaniambia kesi imeisha na nimeshinda.

Nilimwaga maziwa, nikafunga virago, nikafuata njia ya Walikale, msituni, ambako hakuna aliyenijua. Huko ng'ombe ni wachache, kwa hiyo nilianza kupika mandazi. Ninayafunga ndani ya majani mapana ya porini. Wateja wananiuliza kwa nini sitafuti karatasi kama wenzangu, nami ninawajibu kwamba majani hayajui kusoma. Wanacheka, wanakula. Beseni nalifunika na kitambaa cheupe chenye uzi wa buluu pembeni, nakifua kila jioni, na wengi wananiambia ni kizuri sana.