Wenye Gari la Papa

Juzi, mtaani Isipingo, niliona gari la kijani kama la Papa, nikasikia tena harufu ya viti vyake vilivyoungua kwa jua la Point, mtaa tulikokimbilia nikiwa mtoto.

Alasiri moja kule, fundi aliyekuwa akilikagua gari letu alifunga boneti kwa kishindo, akasema, "Hii gari Wajerumani wanaitengeneza tu. Wenyewe ni Wamarekani."

Papa alicheka. Mimi sikucheka. Kule Bukavu, watu waliokuja wakisema ndio wenyewe walituchukulia nyumba. Niliingia garini, nikafunga milango yote, nikakumbatia usukani.

"Mama yangu, fungua," Papa aliniambia, kama alivyozoea kuniita, akigonga kioo.

"Sitoki! Wakuje wanikute humu!"

Nililowa jasho, sikufungua. Siku hizi najua Wamarekani walikuwa wenye kampuni tu, si gari letu, na hiyo wameshaiuza. Sisi gari la Papa hatujaliuza.