Mama Alipika Kabla ya Mjumbe Kufika

Mimi nilitaka kuwa malkia. Niliposikia kwamba Liverpool, kitongoji cha jiji tulilohamia, kuna darasa la maigizo, la bure, kwa vijana waliohamia, nilijiona tayari nina taji kichwani, nalia kwa madaha mbele za watu. Mwalimu, mama mmoja wa nywele nyeupe na raba miguuni, alikuwa ametunga tanzia fupi kwa mtindo wa Wagiriki wa kale. Akanitazama, akasema, "Wewe utakuwa korasi."

Korasi ni kundi linalosimama pembeni. Linaimba, linahurumia watu, linauliza maswali, basi. Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani, mtaa wetu wa St Marys.

Lakini nikaja kuipenda kazi ile. Mwalimu alitueleza kwamba kwa Wagiriki wale mtu hafii jukwaani. Anafia ndani, au mbali, halafu anakuja mjumbe kusimulia. Hotuba ya mjumbe ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, tukawa tunamcheka kijana aliyepewa kuikariri. Na anayechelewa kujua, mwalimu akasema, ni mwenye msiba mwenyewe. Watazamaji wanajua, korasi inahisi, yeye bado anafurahi.

Nikanyoosha mkono. "Sasa hiyo korasi kwa nini isimwambie?"

"Haiwezi. Inakaa naye tu."

Nikaona ni upuuzi. Mimi ningemwambia.

Jumamosi ya onyesho, asubuhi, mzee wetu wa kanisa akanipigia kutoka Liverpool. Kaka yangu mkubwa, aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania akisubiri viza, amefariki kwa homa. Hata kulia hakuniachia nafasi. "Mwanangu, mama yako asisikie kwa simu. Simu yake iweke mbali. Watu waje kwanza, nami nakuja kusema." Kwetu ndivyo ilivyo, mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Nyumba inajazwa kwanza, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu.

Nikaifukia simu ya mama kwenye pipa la mchele. Nikanawa uso, nikaingia jikoni nikicheka.

Bahati mbaya wikendi ile reli ilikuwa inatengenezwa, abiria wanabebwa na mabasi, na mzee hana gari. Wanawake wa kanisa wakamtangulia, mmoja mmoja, na kreti za soda. Mama akawapigia vigelegele mlangoni.

"Karibuni! Kumbe mmekuja kumsindikiza binti yangu kwenye mchezo wake!"

Hakuna aliyemkatalia. Jirani yetu Mkenya, nesi, aliinamia viatu vyake, akavivua taratibu kama vina vidonda. Mama akabandika ndizi na maharage kwenye sufuria ya sikukuu. Alikuwa anapika chakula cha msiba wake mwenyewe, huku anatutania.

"Mbona mmepoa? Au mmeshasikia anavyoimba, mnaogopa?"

"Hapana, mama," nesi akasema. "Tumechoka tu na shifti."

"Ninyi Wakenya na shifti! Mtazikwa na sare."

Mama akaanza kupapasa kwenye kochi. "Simu yangu iko wapi? Nataka nimwambie kaka yako kwamba leo unaimba."

"Haina chaji, mama."

"Basi tuimbie sisi kwanza. Tuonjeshe."

Niliwatazama wale akina mama. Macho yote yako chini. Nikasimama mbele ya televisheni, nikaanza kipande changu, kile mwalimu alichoniruhusu niimbe kwa Kiswahili: *Mama wa nyumba, mlango wako u wazi, anayekuja anakuja polepole...*

Sauti ikakatika. Nikajaribu kuigeuza kicheko, haikugeuka.

Mama alikuwa na mwiko mkononi, bado anatabasamu, ila tabasamu lilibaki peke yake usoni. Akawatazama wanawake. Vitenge vimefungwa kiunoni, hakuna hata mmoja mwenye hereni. Akarudi jikoni, akazima jiko, akaja kusimama katikati yetu.

"Ni yeye?"

Mimi niliyesema ningemwambia, nilimshika tu. Wote tukamshika, tukashuka naye mpaka kwenye zulia, na kilio kikaanza.

Mzee alifika baadaye, shati limelowa, Biblia kwapani, maneno yake ameyapanga tangu kwenye basi. Alipotuona pale chini akakwama mlangoni. "Kumbe... mmeshajua."

"Sijui kitu," mama akasema. "Anza mwanzo."

Mzee akakaa, akasimulia. Homa ilivyoanza. Jirani alivyompakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Alivyoomba uji.

"Aliunywa?"

"Kidogo, mama."

"Nani alimshikia kikombe?"

Mzee hakujua. Akapiga simu kambini palepale, akauliza. Ni mke wa yule jirani. Mama akaitikia kwa kichwa, kama amekabidhiwa kitu. Kisha akauliza la shuka, na la mvua, na kama mlango wa zahanati ulikuwa unafungika. Ile hotuba tuliyoicheka darasani, mama aliirefusha mwenyewe, swali baada ya swali, maana ikiisha, na kaka atakuwa ameisha.

Jioni ile korasi yetu Liverpool ilipungukiwa mtu mmoja. Nilikuwa kwenye zulia, kichwa cha mama mapajani mwangu, ndizi zimepoa jikoni.

"Rudia pale pa uji," mama akamwambia mzee.

Mzee akarudia.